Sikio la mtoto linalotoa usaha: kufuta tu hakutoshi, na "atapona akikua" ndiyo inayotujazia wodi

#1 TabibuMdogo

Wakuu, salaam.

Mimi ni tabibu kwenye kliniki ya masikio, pua na koo ya hospitali moja ya mkoa hapa Tanzania. Si bingwa. Kazi yangu ni kupokea wagonjwa, kusafisha masikio, kuwafuatilia waliopasuliwa, na siku za upasuaji nasimama pembeni ya bingwa. Kuna jambo limenifika shingoni. Analetwa mtoto wa darasa la nne, sikio linatoa usaha tangu hajaanza chekechea, na mzazi anasema aliambiwa "huo ni usaha wa utoto, akikua utakata." Ukidadisi ni nani aliyemwambia, mara nyingi ni mtu mwenye koti jeupe kama langu.

Haukati. Unaweza kukauka wiki mbili tatu, yakija mafua mengine unarudi, na kwa baadhi ya watoto huku ndani mifupa inaliwa.

Ugonjwa unaanza hivi. Nyuma ya pua kuna mrija unaokwenda mpaka sikio la kati. Kwa mtu mzima mrija huo ni mrefu na umeinama, kwa mtoto ni mfupi na umelala, kwa hiyo mafua ya kawaida yanapanda sikioni bila shida. Usaha unajaa nyuma ya ngoma ya sikio, mtoto analia usiku kucha akishika sikio, kisha ngoma inapasuka. Usaha unatoka, maumivu yanaisha, mtoto analala. Hapo ndipo mzazi anapumua na kusema amepona.

Tundu nyingi za namna hiyo hujiziba zenyewe, na sitaki kumtisha mtu. Ila mwongozo wa Shirika la Afya Duniani tunaoutumia zahanati zote kwa watoto chini ya miaka mitano uko wazi: usaha ukitoka kwa siku 14 au zaidi, hilo ni sikio sugu na lina matibabu yake. Mwaka 2004 shirika hilohilo lilikadiria kwamba watu kati ya milioni 65 na 330 duniani wana masikio yanayotoa usaha, na zaidi ya nusu yao usikivu umepungua. Hapa kwetu, utafiti wa shule za msingi za Dar es Salaam uliochapishwa 1996 ulikuta ugonjwa huu kwa zaidi ya watoto 9 katika kila 100 kwenye shule za pembeni vijijini, wakati za mjini ni mmoja na kidogo. Jiji ni lilelile moja. Kilichotofautiana ni umbali wa dawa, moshi wa jikoni, msongamano wa kulala, na nani anayekwambia "atapona akikua."

Sasa nije kwenye kiini. Majaribio mawili makubwa ya tiba ya sikio sugu yamefanyika kwa watoto wa jirani zetu Kenya, na huwa nashangaa wafanyakazi wengi wa afya hawajawahi kuyasikia.

La kwanza lilichapishwa 1996. Watoto 524 wa shule za msingi 145 wilaya ya Kiambu waligawanywa kwa kura makundi matatu. Kundi moja walifutwa masikio yakakauka na kupewa antibayotiki ya kumeza, pamoja na matone yenye antibayotiki na steroidi, yaani dawa ya kupunguza uvimbe. Kundi la pili walifutwa tu. La tatu hawakupewa tiba yoyote kwanza, walisubiri. Wiki ya 16 usaha ulikuwa umekauka kwa asilimia 51 ya kundi la kwanza. Waliofutwa tu, asilimia 22. Waliosubiri bila kitu, asilimia 22.

Isomeni tena hiyo. Kufuta peke yake kulilingana na kutofanya chochote.

La pili ni la 2005. Walikagua watoto wa shule 39,841 wakapata 427 wenye sikio sugu katika shule 141. Nusu wakapewa matone ya siprofloksasini, ambayo ni antibayotiki, nusu matone ya asidi ya boriki kwenye spiriti, ambayo ni dawa ya zamani na ya bei rahisi. Baada ya wiki mbili masikio yalikauka kwa asilimia 59 ya waliopewa siprofloksasini na asilimia 32 ya wale wengine. Usikivu nao ulikuwa bora kidogo kwa kundi la siprofloksasini.

Kwa hiyo ninachosema ni hiki: mtoto akitoa usaha wiki mbili zimepita, anahitaji kufutwa NA matone sahihi, si kimoja, na anahitaji mtu mwenye taa ya sikio amwangalie ngoma yake kabla na baada. Karibuni kwa maswali, maana najua yapo.

#2 Shemeji wa Taifa

Mkuu umeandika vizuri ila mnapenda kudharau vya kwetu. Mimi nilitoa usaha hadi darasa la pili. Bibi akakaanga kitunguu saumu kwenye mafuta ya nazi, akanidondoshea, nikapona, na leo nasikia hadi wanachonong'ona kwa jirani. Wala sikumeza kidonge.

#3 TabibuMdogo

Shemeji, bibi yako namheshimu, na huyo jirani namhurumia.

Rudi kwenye namba za Kiambu. Kundi la waliosubiri bila dawa, asilimia 22 walikauka wenyewe. Maana yake ukichukua watoto 100 ukawapa kitunguu saumu, au maziwa ya mama, au asali, au ukawaimbia tu, ishirini na kitu watakauka na kila mmoja ataapa kwa kile alichopewa. Ndiyo sababu watu wakagawanya watoto kwa kura badala ya kuuliza nani alipona na nini. Wale 78 ambao bibi zao pia walikaanga kitunguu saumu hawaji kuandika hapa kwamba kilishindwa.

Na mafuta ya moto kwenye ngoma iliyotoboka yanakwenda moja kwa moja sikio la kati. Tumeshaona walioungua humo.

#4 Mama Wawili

Kaka tabibu, asante sana. Mwanangu ana miaka sita, masikio yote mawili, tangu ana mwaka mmoja na nusu. Kila tukienda tunapewa amoksilini ya maji. Inakauka kidogo, inarudi. Mwalimu wake ananiambia mtoto ni mtundu na mzito darasani, kila kitu "ee?" Nyumbani anaongeza sauti ya TV mpaka tunagombana. Nilidhani ni utukutu kweli. Je, huyu ni wa kupasuliwa? Na kwa nini amoksilini haisaidii?

#5 TabibuMdogo

Dada, pole. Nianze na la amoksilini.

Sikio linaloanza kuuma leo, ngoma nyekundu, homa juu: hapo amoksilini ina kazi, kwa sababu wadudu wa siku za mwanzo ni wale wa mafua na nimonia. Sikio likishakaa wazi miezi na miaka, wadudu wanabadilika. Wanaoongoza ni Pseudomonas, halafu Staphylococcus na Proteus. Pseudomonas haisikii amoksilini hata ukimnywesha ndoo. Juu ya hapo, dawa ya kumeza inafika kidogo sana kwenye utando uliovimba wa sikio la kati, lakini tone linaloingia kupitia tundu linafika palepale likiwa na nguvu kubwa kuliko ambayo damu ingeweza kubeba. Ndiyo maana mwongozo unataja matone ya jamii ya siprofloksasini kwa wiki mbili, na unataja kufuta mara tatu kwa siku.

Kufuta kwenyewe watu wengi hawakufundishwa. Chukua kitambaa safi cha pamba au tishu imara, sokota kiwe kama utambi, ingiza taratibu, kiache kinyonye, kitoe, weka kingine, mpaka kinatoka kikavu. Usiache kitu ndani. Vile vijiti vya pamba vya dukani viache dukani, vinasukuma usaha ndani na kukwaruza. Ukishakausha ndipo udondoshee. Kichupa kipashe kwanza mkononi, kwa sababu tone la baridi humfanya mtoto asikie kizunguzungu na kesho atakukimbia. Alale ubavu dakika chache, halafu bonyeza kile kinyama kilicho mbele ya tundu la sikio, bonyeza na kuachia mara kadhaa, ili dawa ipenye kwenye tundu la ngoma. Bila kubonyeza, dawa nyingi inaishia kwenye njia ya nje.

La usikivu: sitaki kusema kitu bila kipimo, lakini "ee?" ya kila mara na TV juu, kwa mtoto mwenye masikio yote mawili hivyo, ni kutosikia mpaka ithibitike vinginevyo. Mwombe mwalimu amkalishe mbele kuanzia kesho, si lazima usubiri cheti. Na omba rufaa kwenye hospitali yenye kipimo cha usikivu.

La kupasua namwachia Kisu Butu kama yupo, ndiye anayesomea hayo.

#6 Mwalimu wa Githunguri

Salamu kutoka Kiambu. Kusema ukweli sikujua kwamba shule zetu zimo kwenye vitabu vya madaktari! Mimi hufunza darasa la tatu. Nataka kuongezea la upande wa darasani. Mtoto mwenye sikio la usaha hukaa peke yake. Wenzake humwita majina kwa sababu ya ile harufu. Halafu yeye mwenyewe huanza kukaa dirishani, mbali, wakati ndiye anafaa kuwa mbele. Tukiwaambia wazazi, wengi huniambia "hata mimi nilikuwa hivyo." Sasa swali langu: hao watoto asilimia 51 waliokauka, ngoma zao zilifungika ama?

#7 TabibuMdogo

Mwalimu, umeuliza swali ambalo wengi wanalipita. Hapana, kwa sehemu kubwa hazikuziba. Ngoma zilizojiziba zilikuwa asilimia 15 kwa waliotibiwa, 13 kwa waliofutwa tu, 13 kwa waliosubiri. Hakuna tofauti ya maana. Dawa ilikausha sikio, haikushona tundu.

Kwa hiyo kukauka ni hatua ya kwanza, na tundu lililobaki ni mlango. Maji yakiingia, au mafua yakija, usaha unarudi. Mzazi anadhani dawa ilikuwa feki, anahama hospitali, anaanza upya na amoksilini.

#8 Nyangumi

Napenda uzi wenye namba, kwa hiyo naomba nibishe kidogo. Hilo jaribio la Kiambu kundi la kwanza walipewa vitu vinne kwa pamoja: kufutwa, kidonge, matone ya antibayotiki, steroidi. Ukishapata 51 dhidi ya 22, huwezi kusema ni kipi kilichofanya kazi. Labda ni kidonge! Wewe umeruka moja kwa moja kwenye matone.

#9 TabibuMdogo

Nyangumi, hoja yako ni sahihi, na jaribio lile peke yake halijibu. Ndiyo maana lile la 2005 lina thamani: pale ilikuwa tone dhidi ya tone, bila kidonge, na siprofloksasini ikakausha asilimia 59 ndani ya wiki mbili tu. Kwa hiyo tone zuri bila kidonge linafanya kazi kubwa. Ambacho jaribio la pili halikupima ni tone dhidi ya kutofanya kitu, kwa sababu baada ya 1996 ingekuwa ngumu kumweleza mzazi kwa nini mwanawe aachwe.

Jambo moja zaidi kuhusu aina ya matone. Msinunue tone lolote lililoandikwa "sikio." Yapo ya jentamaisini ambayo bado yanauzwa sana kwa sababu ni rahisi kupatikana. Dawa za jamii hiyo zina sumu kwa koklea, yaani sikio la ndani lenyewe linalosikia. Ngoma ikiwa nzima haina shida kubwa, ikiwa imetoboka unadondoshea karibu kabisa na mlango wa koklea. Kuna mabingwa wanaozitumia kwa siku chache wakiwa na sababu yao, lakini si dawa ya kununua dirishani na kujitibu mwezi mzima.

#10 Kisu Butu

Nimeitwa. Nasomea ubingwa, mwaka wa tatu, jina ni la utani wa mwalimu wangu, msikimbie.

Mama Wawili, kwanza ujue masikio sugu si ya aina moja, na hapo ndipo kila kitu kinapogawanyika.

Aina ya kwanza, tundu liko katikati ya ngoma. Usaha ni mwingi, unateleza kama kamasi, haunuki sana. Huyu anakera lakini mara chache anaua. Anakaushwa kwa matone, na tundu lisipojiziba tunaliziba kwa upasuaji. Tunachukua utando mwembamba unaofunika msuli wa juu ya sikio, au kipande cha gegedu la sikio lenyewe, tunautandika chini ya tundu, ngoma inaota juu yake. Upasuaji huu umejengwa na Wajerumani wawili, Wullstein na Zöllner, miaka ya 1950, na uliwezekana kwa sababu darubini ya upasuaji ilikuwa imeshaingia; Nylén wa Stockholm ndiye aliyeanza kutumia darubini kwenye sikio mwaka 1921. Ngoma yenyewe ina kipenyo cha chini ya sentimita moja, na nyuma yake nyundo, fuawe na kikuku, mifupa midogo kuliko yote mwilini. Bila darubini unabahatisha.

Kwa mtoto wa miaka sita mabingwa hawakubaliani. Wengine wanasubiri afikie nane hivi au zaidi, kwa sababu mafua yamepungua na ule mrija umekua, kiraka kinashika vizuri. Wengine wanasema masikio yote mawili yakiwa hayasikii, kumsubirisha ni kumharibia shule. Mimi binafsi naegemea kundi la pili pale ambapo mtoto hasikii pande zote, lakini kwanza akaushwe, apimwe usikivu, na aangaliwe nyama za nyuma ya pua kama zimevimba. Anayelala mdomo wazi na kukoroma huwa nazo.

Aina ya pili ndiyo inayonifanya niandike. Usaha kidogo, mzito, unanuka vibaya hata baada ya kusafisha. Tundu au mfuko uko juu pembezoni mwa ngoma. Hiyo inaitwa kolesteatoma. Jina alilitoa Mjerumani Müller mwaka 1838 na linapotosha, maana si uvimbe wa mafuta wala si saratani. Ni ngozi iliyoingia mahali si pake. Inaendelea kumwaga magamba kama ngozi yoyote, magamba hayana pa kwenda, yanarundikana, na fungu lile linakula mfupa. Linaanza na fuawe na kikuku, linaendelea kwenye mfereji wa mshipa wa fahamu unaoendesha uso, kwenye mifereji ya kizunguzungu, na juu kwenye dari nyembamba inayotenganisha sikio na ubongo.

Hakuna tone linalotibu kolesteatoma. Hakuna. Ni kisu.

#11 Shemeji wa Taifa

Sasa hapo mmenitisha. Sikio kuua mtu?

#12 TabibuMdogo

Shemeji, nikueleze kesi moja. Nimebadilisha vitu vidogo asijulikane.

Kijana wa kidato cha pili, bweni. Sikio la kushoto linanuka tangu shule ya msingi, wamezoea. Muhula ule akaanza kuumwa kichwa upande mmoja, homa za kupanda na kushuka, akatibiwa malaria. Kichwa hakikuisha, akatibiwa taifodi. Halafu nyuma ya sikio pakavimba, sikio likasukumwa mbele na chini, na kitu cha ajabu, usaha ukapungua. Mlezi akaona ni nafuu. Wiki iliyofuata anatapika asubuhi bila kichefuchefu, anachelewa kujibu maneno, na mdomo umeanza kwenda upande.

Zahanati waliyofikia mwisho walifanya la maana: sindano ya antibayotiki palepale na gari la wagonjwa. Huku kwetu picha ya CT ikaonyesha mfupa wa nyuma ya sikio umeliwa, na juu yake jipu ndani ya ubongo. Akapelekwa hospitali ya kanda. Daktari wa ubongo akatoa usaha wa jipu kwanza, kisha bingwa wa masikio akaufungua ule mfupa, unaoitwa mastoidi, na kusafisha kolesteatoma yote. Yuko hai. Uso umerudi kiasi, sikio lile halisikii tena, na dawa za kifafa anazo mpaka leo.

Angalieni mfuatano: malaria, taifodi, "usaha umepungua." Usaha unapopungua huku mgonjwa anazidi kuumwa, maana yake umepata njia nyingine ya kwenda.

#13 BintiPangani

Subhanallah. Naomba swali la sisi wa pwani. Watoto wetu wanaogelea tangu hawajajua kusoma. Na udhu je? Mwanangu ana tundu, hospitali wameniambia "maji yasiguse sikio" bila maelezo, na anasoma madrasa.

#14 TabibuMdogo

Bi mkubwa, udhu hauna shida. Sikio katika udhu linapanguswa kwa kidole chenye unyevu, halimwagiwi maji. Shida iko kwenye kuoga kwa kumwagiwa ndoo kichwani na kwenye kupiga mbizi. Akioga, chukua pamba, ipake mafuta mazito ya kujipaka, ziba mlango wa sikio kwa nje, akimaliza itoe. Bahari asubiri mpaka sikio litakapozibwa au bingwa aseme vinginevyo. Kuogelea juujuu kwa kichwa nje ni afadhali, mbizi ni hapana. Najua kumwambia hivyo mtoto wa Pangani ni kazi.

#15 Nyangumi

Kisu Butu, nifafanulie huo upasuaji wa mfupa. Nilisoma zamani kwamba uliwahi kupigwa marufuku Ulaya?

#16 Kisu Butu

Si marufuku rasmi, ni hofu. Mwaka 1791 von Berger, tabibu wa mfalme wa Denmark, alikubali atobolewe mfupa wa nyuma ya sikio kwa ajili ya kelele na uziwi. Hakuwa hata na usaha. Akafa kwa homa ya uti wa mgongo siku chache baadaye, na kwa miaka kama themanini madaktari wengi wakaukwepa upasuaji ule, pamoja na kwa wale waliouhitaji kweli. Uliporudi ni 1873, Schwartze wa Halle na mwenzake Eysell walipoandika ni nani afunguliwe na kwa njia ipi. Kila nikisoma habari hiyo nawaza wangapi walikufa kwa majipu katikati hapo kwa sababu mgonjwa mmoja alifanyiwa kitu asichokihitaji.

Leo tunasaga mfupa kwa drili ndogo chini ya darubini, huku tunautafuta mshipa wa uso ili tusiuguse. Mjadala mkubwa ni kama tubakize ukuta wa nyuma wa njia ya sikio au tuutoe. Ukiubakiza, sikio linabaki na umbo lake na mgonjwa haogopi maji, lakini kolesteatoma inaweza kubaki au kuota tena kimyakimya, hasa kwa watoto, kwa hiyo lazima umfungue tena baada ya miezi kadhaa au umpige picha maalumu ya MRI. Ukiutoa, unabaki na shimo kubwa linalohitaji kusafishwa kila baada ya muda, lakini ugonjwa ukirudi unauona kwa macho.

Vitabu vya nje vingi vinapendelea kubakiza. Mimi nakuuliza: mgonjwa wako anatoka kijiji ambacho basi linapita mara moja kwa siku, nauli ya kuja ameuza mbuzi. Atarudi kwa ukaguzi wa pili? MRI ataipata wapi? Ndiyo maana walimu wetu wengi wanautoa ukuta, na nadhani wako sahihi kwa mgonjwa huyo.

Hatari zenyewe tunamweleza kila mmoja kabla hajasaini: uso kupinda, kizunguzungu, ladha kubadilika upande mmoja wa ulimi, na mara chache sikio kufa kabisa. Lengo la kwanza ni sikio salama na kavu. Kusikia ni lengo la pili. Mgonjwa akidhani anapasuliwa ili asikie, atatuona matapeli.

#17 Kiroboto

Kwani Muhimbili si wanapandikiza kile kifaa cha kusikia? Si wampe tu huyo mtoto wa Mama Wawili?

#18 Kisu Butu

Wanapandikiza tangu 2017, ndiyo. Lakini kifaa kile ni cha mtu ambaye koklea yenyewe imekufa, kwa mfano mtoto aliyezaliwa hasikii kabisa, na kinafanya kazi vizuri zaidi akiwekewa akiwa mdogo. Mtoto wa Mama Wawili koklea yake huenda ni nzima, ila sauti haifiki kwa sababu ngoma ina tundu. Huyo dawa yake ni kukausha na kuziba, na wakati anasubiri, kifaa cha kawaida cha kuongeza sauti kinaweza kumsaidia darasani sikio likishakauka. Ukimwekea kitu ndani sikio likiwa na usaha ni kukaribisha balaa.

#19 Mama Wawili

Nimerudi wakuu. Tumekwenda hospitali ya rufaa. Wamenyonya usaha kwa mashine, mtoto kalia kweli. Tundu liko katikati pande zote mbili, wamesema si ile mbaya. Tumepewa matone na kufundishwa kufuta kama mlivyosema. Wameomba pia vipimo vya VVU na kuulizia kikohozi na kifua kikuu. Hapo nilikasirika, nikahisi wananichunguza mimi. Kuna ulazima?

#20 TabibuMdogo

Dada, hongera kwa kwenda. Na usikasirike, wamefanya kazi yao. Mtoto mwenye kinga pungufu hutoa usaha masikioni mara kwa mara na hakauki, na kifua kikuu nacho huweza kukaa sikioni: usaha usiouma, usiosikia tone lolote, wakati mwingine ngoma ina matundu zaidi ya moja. Wasipouliza, wiki mbili za matone zitapita bure. Kipimo kikiwa safi umetoa jambo moja mezani.

Ukirudi kliniki waulize mambo mawili: tarehe ya kipimo cha usikivu, na kama wameangalia nyuma ya pua. Kabla ya tarehe hiyo akipata uvimbe nyuma ya sikio, mdomo ukapinda, akayumba akitembea, shingo ikakakamaa au akatapika na kichwa kinauma, usisubiri kliniki. Nenda dharura hata usiku.

#21 Kiroboto

Samahani natoka nje ya mada kidogo. Mpwa wangu ana miaka mitatu, mchana kaingiza kibetri cha rimoti ya taa, kile cha duara, sikioni. Anatoa maji meusi. Nimeona mmesema matone, hapa nina siprofloksasini ya mdogo wangu. Nimdondoshee kikilainika kitoke?

#22 TabibuMdogo

USIDONDOSHEE KITU. Si tone, si mafuta, si maji. Kibetri kikiguswa na unyevu kinapitisha umeme na kuunguza ngozi na ngoma, saa mbili zinatosha kuharibu, na hayo maji meusi ni dalili kimeshaanza. Usichokonoe. Mbebe sasa hivi hospitali yenye mtu wa masikio, ukifika mapokezi useme neno "betri" kabla ya jina la mtoto.

#23 Kiroboto

Tuko kwenye bajaji.